Buffalo, New York: mfereji mmoja uliijenga, mwingine ukaiua. Nani anabisha?

#1 Ngalawa_Ujiji
Wakuu, salaam. Nina hoja, naomba tuichambue bila matusi.

Mwaka 1900 Buffalo ulikuwa mji wa nane kwa ukubwa Marekani nzima. Mwaka 1950 ulikuwa na watu 580,132. Sensa ya 2010 ikawakuta 261,310. Zaidi ya nusu wametoweka ndani ya miaka 60, bila vita wala tetemeko la ardhi.

Mimi nasema chanzo ni maji. Mfereji wa Erie ulifunguliwa tarehe 26 Oktoba 1825, kilomita 584 kutoka mto Hudson pale Albany mpaka ziwa Erie. Ngano ya Ohio, Illinois na Wisconsin ilikuja kwa meli za ziwani, ikashushwa Buffalo, ikapakiwa kwenye mashua za mfereji, ikaenda New York na kuvuka bahari. Kila gunia lilipita mikononi mwa watu wa Buffalo. Aliyekulia Kigoma haelezwi hili mara mbili: mzigo unatoka melini, unapanda treni, na hapo katikati ndipo mji unapokula.

Sasa mwaka 1959 Kanada na Marekani wakafungua njia ya meli ya St. Lawrence. Malkia Elizabeth wa Pili na Rais Eisenhower wakaja kuizindua. Kuanzia hapo meli inatoka Duluth au Chicago, inapita mfereji wa Welland upande wa Kanada, ule unaounganisha ziwa Erie na ziwa Ontario, inatokea Atlantiki. Inasimama Buffalo kufanya nini?

Nawasikiliza.

#2 Tanuru
Umeongea vizuri mkuu lakini umeruka kitu kikubwa kuliko vyote: chuma. Kiwanda cha Bethlehem Steel pale Buffalo kiliajiri watu kama 20,000 kilipokuwa kileleni. Desemba 1982, siku mbili baada ya Krismasi, kampuni ikatangaza kwamba inakifunga karibu chote. Baba, mjomba, shemeji, wote geti moja, wote wanarudi nyumbani pamoja. Hiyo ndiyo iliyoua mji. Ngano ilikuwa historia ya mababu.

#3 Kalamu_Nyekundu
Marekebisho mawili kabla watu hawajabeba haya kama yalivyo.

Tanuru #2: kiwanda hakikuwa ndani ya Buffalo. Kilikuwa Lackawanna, mji jirani upande wa kusini wenye meya wake na kodi zake tangu 1909. Wafanyakazi wengi walilala Buffalo, sawa, lakini kodi ya majengo ya kile kiwanda haikuingia hazina ya Buffalo hata siku moja. Hilo ni jambo zito kwenye mjadala huu.

Ngalawa #1: mfereji wa Welland uliopo sasa ulikamilika 1932, si 1959. Meli kubwa zilianza kuipita Buffalo tangu hapo, na bado mji uliongezeka watu mpaka 1950. Kwa hiyo hesabu ya tarehe inakukataa.

#4 Ngalawa_Ujiji
Kalamu, hainikatai. Mwaka 1932 meli kubwa ziliweza kushuka mpaka ziwa Ontario na mwanzo wa mto tu. Mbele ya hapo mto St. Lawrence ulikuwa bado na vijifereji vya zamani visivyopitisha meli kubwa, mzigo ulilazimika kuhamishwa tena kwenye vyombo vidogo ili ufike Montreal. Kizuizi cha mwisho kiliondoka 1959. Ndiyo maana vinu vya unga vya Buffalo vilishamiri mpaka miaka ya 1950.

#5 Baraka_WestSide
Jambo ndugu zangu. Mimi naishi huku. Nimetoka Fizi, nikapita kambi ya Nyarugusu, wakanileta Buffalo na familia. Uzi huu umenigusa, ngoja niseme ninachokiona kwa macho.

Yale maghala ya nafaka bado yapo pembeni ya mto Buffalo. Majengo ya zege marefu sana, mviringo, yamepangwa mstari, mengi hayana kitu ndani. Lakini kiwanda cha General Mills kingali kinafanya kazi palepale, na upepo ukivuma kutoka huko mji wote wa chini unanuka nafaka iliyochomwa, harufu tamu. Watu wa hapa wanaipenda mpaka wameiandika kwenye fulana. Kwa hiyo ngano haijafa kabisa, Tanuru.

Tulipofika, mtaa wetu wa West Side ulikuwa na nyumba nyingi za mbao za ghorofa mbili, familia moja juu na nyingine chini, na katikati unakuta kiwanja kitupu, nyumba ilishabomolewa. Wazee wa Kiitaliano waliobaki walituambia hapa palikuwa hapana pa kuegesha gari.

#6 Mama_Kibubu
Baraka karibu. Samahani kwa swali la jikoni: ni kweli baridi ya huko inakausha nguo zikawa kama mbao?

#7 Baraka_WestSide
Kweli mama. Lakini baridi yenyewe si tatizo kama bili ya gesi ya kupasha nyumba moto. Nyumba ya mbao ya zaidi ya miaka mia, madirisha yanavuja, Februari unalipa gesi unahisi unapasha moto barabara nzima.

#8 Hesabu_Haziongopi
Naona wote mnaanzia pasipo. Mmesema "watu wameondoka". Wameondoka wakaenda wapi?

Buffalo imo ndani ya kaunti ya Erie. Kaunti hiyo mwaka 1950 ilikuwa na watu 899,238. Mwaka 2020 ilikuwa na 954,236. Someni tena. Kaunti imeongezeka! Hawakufa, hawakuhamia mwezini. Walivuka mpaka wa manispaa wakajenga Amherst, Cheektowaga, Tonawanda, West Seneca. Wanafanya kazi mjini, wanashangilia timu ya mji, kodi wanalipa pengine. Buffalo ilibaki na wazee, maskini, mabomba ya maji yaliyozeeka na pensheni za polisi waliostaafu.

Miji mingine ya Marekani ilipanua mipaka ikawafuata wakazi wake. Buffalo haijapanua mpaka wake tangu karne ya 19. Mipaka ndiyo iliyoua mji, si meli wala matanuru.

#9 Tanuru
Na hao wa Cheektowaga walipata wapi hela za kujenga kama si mshahara wa chuma?

#10 Hesabu_Haziongopi
Ndiyo hoja yangu hasa, Tanuru. Walianza kuondoka *wakiwa na* kazi. Kati ya 1950 na 1970 mji ulipungukiwa watu zaidi ya laki moja wakati tanuru zako zinawaka usiku na mchana. Kiwanda kilifungwa watu wameshahama.

#11 Nesi_wa_Kisumu
Hamjambo. Nafanya kazi ya unesi Buffalo, naishi upande wa mashariki, na nimesoma mpaka hapa nikisubiri mtu aseme neno moja. Hakuna aliyelisema. Rangi.

Hesabu #8, si kila mtu aliruhusiwa kuvuka huo mpaka wako. Miaka ya 1930 serikali kuu ilichora ramani za mikopo ya nyumba, mitaa ya watu weusi ikapakwa nyekundu, maana yake benki zisikopeshe. Mzungu akapata mkopo wa Amherst, jirani yake mweusi akanyimwa hata wa kukarabati paa. Leo ukitembea barabara ya Main Street unaona mwenyewe: magharibi yake hivi, mashariki yake vile.

Kisha wakaja na barabara. Frederick Law Olmsted, yule aliyebuni bustani kuu ya New York, alianza 1868 kuichorea Buffalo mtandao wa bustani zilizounganishwa na njia pana zenye miti. Moja iliitwa Humboldt Parkway. Ilikuwa na safu za miti mikubwa, watoto wanacheza katikati, familia nyingi za weusi zilizojikwamua zilikuwa zimenunua nyumba pembeni yake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 serikali ya jimbo ikang'oa miti, ikachimba handaki la wazi, ikapitisha barabara ya kasi ya Kensington ili watu wa viungani wafike ofisini haraka. Mtaa ukagawanyika vipande viwili. Mpaka leo wanajadili mpango wa kuifunika kwa zege na kurudisha miti juu, gharama yake imepita dola bilioni moja, na wakazi wenyewe wamegawanyika: wengine wanataka handaki lifukiwe kabisa.

Na supamaketi. Miaka mingi upande huu haukuwa na duka kubwa la chakula. Wakazi walipigania mpaka Tops ikafunguliwa barabara ya Jefferson mwaka 2003. Tarehe 14 Mei 2022 kijana mzungu mbaguzi aliendesha gari zaidi ya saa tatu kuja kuua weusi, akachagua duka hilo hilo. Watu 10 walikufa. Alikuja pale kwa sababu alijua atatukuta wengi mahali pamoja, na tulikuwa wengi mahali pamoja kwa sababu ya yale yale ninayoyaeleza hapo juu.

#12 Mama_Kibubu
Poleni sana dada.

#13 Ngalawa_Ujiji
Nesi, nimekusoma mara mbili. Ahsante.

#14 Kitabu_Wazi
Nichangie upande wa mwanzo, maana mji huu ulijengwa na wananchi wenyewe na hilo linasahaulika.

Tarehe 30 Desemba 1813 Waingereza waliichoma Buffalo yote, zikabaki nyumba chache mno. Miaka michache baadaye mfereji ukaanza kuchimbwa na swali likawa utaishia wapi: Buffalo au Black Rock, kijiji jirani kilichokuwa na bandari nzuri zaidi. Mdomo wa kijito cha Buffalo uliziba kwa mchanga. Jimbo likakubali kukopesha dola 12,000 kwa dhamana ya wananchi. Samuel Wilkeson, mfanyabiashara asiye na cheti cha uhandisi, akaingia majini na vibarua na kujenga gati lililozuia mchanga. Bandari ikafunguka, mfereji ukaja Buffalo. Black Rock ikamezwa na mji mwaka 1853.

Wilkeson akawa meya 1836. Na hapa Waafrika tusikilize: huyo huyo baadaye aliongoza American Colonization Society, chama kilichowasafirisha weusi wa Marekani kwenda Liberia. Aliona mji wake ungetengenezwa na kila mtu, lakini nchi yake haikuwa na nafasi ya mtu mweusi huru. Wakati huohuo weusi wa Buffalo walikuwa wanajenga kanisa lao la Michigan Street, lililowaficha watumwa waliotoroka kabla ya kuvuka mto Niagara kuingia Kanada. Wilkeson anasimuliwa kila mahali. Hao wa kanisani wamechelewa kusimuliwa.

#15 Mchuuzi_wa_Mwembechai
Uzi mzuri ila mmekwepa jambo la msingi. Mabawa ya kuku. Nani aliyaanzisha?

#16 Tanuru
Hahaha nilijua atatokea. Anchor Bar, 1964, mama Teressa Bellissimo. Mchuzi wa pilipili na siagi, pembeni selari na mchuzi wa jibini ya buluu. Imeisha hiyo.

#17 Nesi_wa_Kisumu
Haijaisha. Upande wetu wa mashariki watu watakwambia John Young, mtu mweusi mwenye mgahawa barabara ya Jefferson, aliuza mabawa mazima yenye unga na mchuzi wake wa mumbo miaka hiyohiyo ya 60. Yeye alidai mpaka mwisho kwamba ni yake. Mmoja akapata watalii, mwingine akasahaulika, na unaweza kukisia kwa nini.

#18 Mchuuzi_wa_Mwembechai
Basi kila mtu ana mfereji wake.

#19 Kalamu_Nyekundu
Tukiwa kwenye kusahaulika: Septemba 6, 1901, Rais McKinley alipigwa risasi kwenye maonyesho makubwa ya Buffalo. Aliyemrukia muuaji ni James Parker, mhudumu mweusi wa mgahawa. Magazeti yalimsifu wiki ya kwanza. Kesi ilipofika mahakamani hakuitwa kutoa ushahidi. Maonyesho hayohayo yaliangazwa kwa umeme wa maporomoko ya Niagara, uliofika Buffalo tangu Novemba 1896, mapema kuliko karibu mji wowote. Hata hivyo madaktari walimpasua rais mwanga ukiwa hautoshi, wakawa wanauelekeza mwanga wa jua la jioni kwa kioo. Alikufa tarehe 14.

Na kwenye viwanja hivyo palikuwa na banda la "Afrika ya Giza", watu wetu wakitazamwa kwa kiingilio. Mary Talbert, mwalimu mweusi wa Buffalo, alipinga hadharani weusi kuachwa nje ya kamati ya maonyesho.

#20 Kitabu_Wazi
Na nyumbani kwa huyo Talbert ndiko Du Bois, yule msomi mweusi, na wenzake walikopanga Niagara Movement, chama cha kudai haki za weusi, 1905. Mkutano wakaufanyia Fort Erie, ng'ambo ya mto Niagara upande wa Kanada, kwa sababu hoteli za Buffalo ziliwakatalia.

#21 Kalamu_Nyekundu
Hiyo ya hoteli kuwakatalia inarudiwa sana lakini ushahidi wake ni mwembamba. Sheria ya jimbo wakati ule ilikataza ubaguzi hotelini, na maelezo mengine ni kwamba walitaka mahali tulivu, mbali na macho ya wafuasi wa Booker T. Washington, kiongozi mwingine wa weusi aliyepingana nao. Tuiandike kama simulizi.

#22 Mhitimu_Mkimya
Nilisoma chuo kikuu cha jimbo huko Buffalo, niongeze mshitakiwa mwingine. Miaka ya 1960 jimbo lilipanga kampasi kubwa mpya. Wapo waliotaka ijengwe ufukweni katikati ya mji. Ikapelekwa Amherst, viungani, kwenye eneo la chepechepe. Nimeishi pale: unaweza kumaliza shahada bila kuuona mji. Maelfu ya wanafunzi, wahadhiri, wapangaji, migahawa, vyote viko upande wa pili wa mpaka wa Hesabu #8.

Treni ya mjini nayo ilifunguliwa miaka ya 1980, ikaishia kwenye kampasi ya zamani, ndani ya mpaka. Kilomita kama kumi tu. Ikifika mwisho wa mji, inasimama.

#23 Tanuru
Kwa hiyo treni nayo imeogopa kuvuka 😂

#24 Mhitimu_Mkimya
Haikuogopa, ilikosa fedha na ilipingwa na watu wa viungani. Walisema hawataki wezi waje kwa treni. Nesi anajua walimaanisha nani.

#25 Baraka_WestSide
Nirudi kidogo. Mnaongea habari ya kufa, lakini sensa ya 2020 ilihesabu watu 278,349. Mara ya kwanza mji kuongezeka tangu 1950! Na mimi nasema ni sisi. Wakongo, Wasomali, Waburma, Wanepali wa Bhutan, Wairaki. Tulipangishwa nyumba ambazo hakuna aliyezitaka. Tukapaka rangi, tukafungua maduka, shule zilizotaka kufungwa zikajaa. Mtaani kwangu unasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira, na cha Wazigua wa Somalia ambao babu zao walichukuliwa Tanga. Nilitumika kwenye kiwanda cha nyama usiku na kujifunza Kiingereza asubuhi. Hakuna aliyenipa mji huu bure.

#26 Hesabu_Haziongopi
Baraka nakupongeza, lakini usichukue zote. Kuna Wabangladeshi waliohama kutoka New York kwa sababu ya bei za nyumba, wamenunua upande wa mashariki mtaa hadi mtaa, makanisa ya Wapolandi yamekuwa misikiti. Kuna Wapuerto Rico waliokuja baada ya kimbunga Maria, 2017. Na gavana Cuomo alitangaza dola bilioni moja kwa Buffalo mwaka 2012.

#27 Nesi_wa_Kisumu
Hiyo bilioni mradi wake mkubwa uliishia na watu mahakamani kuhusu zabuni. Usiiweke kwenye mstari mmoja na Baraka.

#28 Ngalawa_Ujiji
Swali kwa mnaoishi huko: mkishakuwa raia, mnasikika? Halmashauri inawaona?

#29 Baraka_WestSide
Halmashauri ina madiwani 9, kila mmoja na kata yake. Kwenye kata yetu diwani anakuja kwenye vikao vya mtaa, tunamsema uso kwa uso kuhusu taa na takataka. Mwaka 2021 ndiyo nilishangaa. India Walton, nesi mweusi, mama wa watoto wanne, alimshinda meya Byron Brown kwenye mchujo wa chama cha Democrat. Meya wa tangu 2006! Jina la Brown halikuwemo kwenye karatasi ya Novemba. Akaenda kwa watu akasema andikeni jina langu kwa mkono. Wakaandika, akashinda. Kwetu tuliotoka kwenye kura za bunduki, kuona mtu anashindwa, anashinda, na asubuhi mabasi yanatembea, ilikuwa somo.

#30 Nesi_wa_Kisumu
Somo lingine ni hela za matajiri na kura za Republican zilizomwokoa. Nilimpigia Walton na sijutii.

Halafu Desemba 2022 tufani ya theluji ikaja. Zaidi ya watu 40 walikufa kaunti nzima. Amri ya kutoendesha magari ilitoka asubuhi ya tarehe 23 watu wengi wakiwa wameshafika kazini. Nililala hospitali na wenzangu, zamu haina mwisho. Mitaa ya mashariki ilisafishwa mwisho. Mtu akiniuliza mji unaendeshwaje, simwonyeshi matokeo ya kura, namwonyesha ramani ya magari ya kusafisha theluji.

#31 Mchuuzi_wa_Mwembechai
Basi theluji ndiyo iliyowakimbiza watu, wakaenda Florida. Rahisi.

#32 Hesabu_Haziongopi
Toronto iko ng'ambo ya ziwa Ontario, karibu kilomita 100 kwa ndege. Inaganda vilevile, na meli za 1959 ziliweza kuipita kama zilivyoipita Buffalo. Imekua mpaka inatisha. Tofauti: mwaka 1954 waliunganisha Toronto na viunga vyake chini ya serikali moja ya jiji, na 1998 wakawafanya mji mmoja kabisa. Ngalawa, na Cleveland je? Watu 914,808 mwaka 1950, 372,624 mwaka 2020. St. Louis, 856,796 ikawa 301,578. Hao mfereji gani uliwaua?

#33 Kalamu_Nyekundu
Toronto ilipokea mabenki na makampuni yaliyokimbia Montreal miaka ya 1970, na wahamiaji wa dunia nzima. Huwezi kusema ni mipaka tu.

#34 Ngalawa_Ujiji
Hesabu, Cleveland na St. Louis zilikuwa na viwanda vyake, Buffalo iliishi kwa kupitisha mzigo wa wengine. Ugonjwa unaweza kufanana na chanzo kikatofautiana. Nakubali mpaka na rangi vilizuia mji usipone. Lakini uliumia kwanza majini, na sijaona mtu hapa aliyenionyesha kazi gani nyingine ingeziba pengo la bandari ile.

#35 Tanuru
Chuma, mkuu. Nilikwambia tangu #2.

#36 Nesi_wa_Kisumu
Chuma ambacho idara zake nzuri zilikuwa za wazungu mpaka serikali kuu ilipowapeleka mahakamani. Naingia zamu, kesho nitaleta habari ya kesi ile na ya shule, maana jaji Curtin aliamua 1976 kwamba shule za Buffalo zilibaguliwa kwa makusudi na hakuna aliyeigusa hapa.